Sura ya nne imerudishwa tena: niongeze dodoso au nipunguze swali?

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya kwanza, hapa Mtwara. Mada ya utafiti wangu ni 'Athari za mfumo wa stakabadhi ghalani katika maendeleo ya kiuchumi ya wakulima wa korosho Tanzania: mfano wa Wilaya ya Tandahimba'. Mwezi wa pili nilikaa kwa mama mdogo huko Tandahimba, nikajaza dodoso 60 katika vijiji viwili na kufanya usaili wa kina na watu sita majumbani kwao. Dodoso nyingi nilizijazia ofisini kwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa sababu katibu alinisaidia kuwaita wakulima. Maswali mengi yalihusu waliuza wapi msimu uliopita, walilipwa lini, na kama waliwahi kuuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo, na kwa nini.

Msimamizi wangu amerudisha sura ya nne mara mbili. Mara ya kwanza aliandika 'Uchambuzi uko wapi?', mara ya pili 'Haijibu lengo'. Zimebaki wiki sita kukabidhi. Wenzangu wanasema sampuli ni ndogo, niongeze dodoso 40 zifike 100. Wengine wanasema bila programu ya takwimu ya SPSS sipiti. Na kuna kijana wa steshenari anasema kwa laki mbili ananimalizia sura ya nne na ya tano. Mada naweza kuibadilisha sasa hivi? Naomba msaada, usingizi sipati."

JIBU

Marahaba, mwanangu. Tandahimba usirudi, na laki mbili yako ibaki mfukoni. Dodoso zako si chache. Shida ni kwamba kichwa cha tasnifu kinauliza jambo ambalo dodoso hizo haziwezi kulijibu, na hazingeweza hata zingekuwa 600. Lipunguze swali mpaka lilingane na yale wakulima waliyokueleza, na wiki sita zitakutosha.

Tazama kichwa chenyewe kinadai nini. Mfumo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu: mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia chama chake, hupewa stakabadhi, na hulipwa zikishauzwa mnadani. Anayetaka kuonyesha athari za mfumo lazima awe na wa kulinganisha nao: ama watu walewale kabla ya mfumo kuja na baada yake, ama watu walio ndani ya mfumo na wenzao wanaofanana nao walio nje. Wewe huna kundi lolote kati ya hayo. Sheria ya stakabadhi ghalani ni ya mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo ulianza msimu wa 2007/08, hapahapa mkoani Mtwara. Mkulima wa Tandahimba mwenye miaka 30 leo alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Ukimuuliza "hali yako ya uchumi ilikuwaje kabla ya mfumo?", atakujibu kwa adabu tu, kwa sababu mgeni kauliza. Na hata yule mzee anayekumbuka vizuri, katikati hapo yamepita mambo mengi: bei imepanda na kushuka, salfa ya kupulizia mikorosho ilipatikana na ikaadimika, na Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Utawezaje kusema nyumba ya bati aliyonayo imetokana na stakabadhi ghalani na si na bei ya msimu mmoja mzuri? Msimamizi wako alipoandika "Haijibu lengo" alikuwa anakuambia hili. Angeweza kulisema kwa maneno mengi zaidi, nakubali, lakini alilisema.

Halafu kuna "maendeleo ya kiuchumi", ambayo hukuyapima, na kuna "Tanzania", ambayo hukuizunguka. Ulikaa vijiji viwili. Watu wa Kusini tunao mfano mkubwa wa swali lililouzidi ushahidi wake. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield kuja kutazama kama karanga zingestawi Tanganyika kwa kilimo cha mashine. Ujumbe ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, sehemu kubwa ya ardhi ukaitazama kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, ikafika Urambo na Nachingwea, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umefutwa. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Bandari tunayo mpaka leo, reli iling'olewa. Wale walikuwa na fedha za serikali ya Uingereza za kulipia swali lao kubwa. Wewe una nauli ya kutoka Mtwara kwenda Tandahimba na kurudi.

Sasa dodoso zako zina nini? Kwa maelezo yako mwenyewe, zina nani aliuza wapi, alilipwa lini, aliuza kwa kangomba au hakuuza, na kwa nini. Huo ni utafiti kamili, ila hauna kichwa chake. Swali lake lingekuwa hivi: kwa nini mkulima aliye mwanachama wa AMCOS, anayejua kwamba mnadani bei ni nzuri zaidi, anauza sehemu ya korosho zake kwa kangomba? Wenye maduka, viongozi wa vyama na maofisa wa wilaya wote wana majibu yao ya mdomoni kuhusu jambo hili. Wewe una majibu ya wakulima 60 yaliyoandikwa. Kwa shahada ya kwanza hiyo ni mali.

Kuhusu kubadilisha mada: kuihama mada na kwenda kwenye nyingine wiki sita kabla ya kukabidhi, hapana. Kuipunguza ndani ya eneo lilelile, kwa data ileile, inawezekana, na wasimamizi wengi huipokea kwa furaha kwa sababu inawapunguzia kazi. Lakini usiibadilishe kimyakimya. Vyuo vingi vinataka kichwa kipya kipite idarani na kiandikwe, na mtu akikabidhi tasnifu yenye kichwa tofauti na kilichosajiliwa anajitafutia usumbufu wa bure. Pendekeza kitu kama "Sababu zinazowafanya wanachama wa AMCOS kuuza korosho nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani: vijiji viwili vya Wilaya ya Tandahimba". Malengo mahususi yabaki mawili, au matatu kama umebanwa na mwongozo wa chuo. Najua pendekezo la utafiti lilikuwa na malengo manne. Lile ambalo halina hata swali moja kwenye dodoso, lifute.

Nije kwenye zile dodoso 40. Wanaokushauri wamesikia kwamba sampuli halali ni 100, na najua walikolitoa: kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, ambayo kila mwanafunzi anaiweka sura ya tatu kama hirizi. Kanuni inasema uchukue idadi ya watu wote, uigawe kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kiwango cha kosa unachokubali. Vijiji vyako vikiwa na wanachama 1,200 na ukikubali kosa la asilimia 10, unapata 1,200 gawa kwa 13, yaani watu 92. Hesabu ni rahisi. Wasichosema ni kwamba inadhani watu hao wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha nzima. Wa kwako waliitwa na katibu. Ukiongeza 40 wengine walioitwa na katibu yuleyule, utakuwa umeongeza watu bila kuongeza ukweli. Afadhali uandike 60, useme walivyopatikana, na usitumie kanuni ambayo hukuifuata. Mtahini akikuta Yamane imekuambia 92 na wewe una 60, hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Na kalenda pia inakukatalia. Minada kwa kawaida huanza Oktoba. Wewe ulihoji mwezi wa pili, malipo yakiwa bado kichwani mwa watu. Ukienda sasa, utawakuta wanahangaika na kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na mauzo ya msimu uliopita yamekuwa hadithi. Utajikuta na makundi mawili ya majibu yaliyochukuliwa nyakati mbili tofauti, na itakubidi uyaeleze. Kama kuna pengo dogo, kwa mfano umesahau kuuliza korosho zinachukua siku ngapi ghalani kabla ya fedha kuingia benki, mpigie simu mmoja wa wale sita uliowasaili. Inatosha.

SPSS. Ni programu nzuri, leseni yake ni ghali, na nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi mabwenini zimevunjwa kufuli na zimejaa virusi. Kwa watu 60 na maswali 25, Excel inakutosha kabisa. Ukitaka programu ya takwimu ya bure, ipo Jamovi, unaipakua kwenye intaneti kwa halali. Mtahini hatakuuliza ulitumia programu gani kwa nia ya kukupa alama. Atakuuliza jedwali lako linasema nini.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo niende polepole. Weka kila dodoso kwenye mstari mmoja na kila swali kwenye safu yake. Zipe dodoso namba kuanzia 1 hadi 60, na namba hiyohiyo iandike kwa kalamu kwenye karatasi, ili ukikuta kitu cha ajabu kwenye kompyuta uweze kurudi kwenye chanzo. Mtu ambaye hakujibu, acha kisanduku wazi au andika alama yake maalumu. Usiweke sifuri, maana sifuri kwenye "aliuza kilo ngapi kwa kangomba" ni jibu, na kunyamaza ni kitu kingine. Kisha hesabu: wangapi waliuza kwa kangomba, wangapi hawakuuza. Najua mpaka hapo umefika, kwa sababu "Uchambuzi uko wapi?" ndilo neno wanaloandikiwa wote wanaoishia hapo. Wanaweka jedwali la jinsia, la umri, la elimu, la ndoa, kila moja na duara lake la rangi, wanafika ukurasa wa 50 na hakuna kilichojibiwa. Hali ya ndoa ya mkulima inahusu nini kama huihusishi na kuuza kwake?

Uchambuzi unaanza pale unapokutanisha majibu mawili. Nikupe mfano wa kubuni, namba zako utaziweka mwenyewe. Tuseme kati ya wakulima 60, 40 walisema walikuwa na haja ya haraka ya fedha kabla ya mnada wa kwanza: ugonjwa, palizi, ada, au sherehe ya jando na unyago ya mtoto. Wengine 20 hawakuwa na haja hiyo. Kati ya wale 40, waliouza kwa kangomba ni 28. Kati ya wale 20, waliouza ni 6. Yaani 7 katika kila 10 upande mmoja, 3 katika kila 10 upande wa pili. Tayari una kitu cha kusema. Ukitaka kujua kama tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu, fanya jaribio la kai-skwea: kwa namba hizi linatoa karibu 8.7, na kwa jedwali la mbili kwa mbili kizingiti cha asilimia 5 ni 3.84. Imevuka. Angalia tu kwamba hesabu tarajiwa ya kila kisanduku, yaani idadi ambayo ungeitegemea kama mambo hayo mawili hayahusiani, isiwe chini ya 5. Ikiwa chini, tumia jaribio la Fisher, Jamovi inalo.

Na hapo simama kidogo kabla ya kuandika "haja ya fedha inasababisha kangomba". Umeonyesha vinakwenda pamoja. Huenda wenye haja ya haraka ndio wenye mikorosho michache, na uchache wa kilo ndio unaowafanya wasione sababu ya kubeba gunia moja hadi chamani na kusubiri benki. Jedwali la pili litakuonyesha: wagawe kwa ukubwa wa mavuno, kisha tazama tena. Mkulima wa kilo 80 na mkulima wa tani 2 hawauzi kwa kangomba kwa sababu moja, na ukiweza kulionyesha hilo kwa wakulima wako 60 utakuwa umewapita wengi.

Dogo lingine linaloniudhi, na huenda linamuudhi msimamizi wako pia: usiandike asilimia 56.67. Watu 34 kati ya 60 waandike "34 kati ya 60", na ukitaka asilimia iwe 57. Desimali mbili kwa watu 60 ni manukato tu. Na wale sita wa usaili usiwafanyie asilimia kabisa. Nimekwisha kusoma "asilimia 16.7 ya waliosailiwa walisema", nikageuza ukurasa nikakuta ni mtu mmoja.

Sasa lile ambalo wewe umelitaja kwa kupita, na kwangu ndilo zito kuliko yote: dodoso zilijaziwa ofisini kwa AMCOS, katibu akiwa ndiye aliyewaita watu. Kangomba imepigwa marufuku. Mkulima anaulizwa, katika jengo la chama, pengine katibu akiwa meza ya pili, kama aliuza korosho kinyume cha utaratibu wa chama hichohicho. Wangapi watasema "ndiyo"? Kwa hiyo idadi uliyopata ya waliokiri isome kama ya chini kabisa. Ukweli unaweza kuwa juu ya hapo, si rahisi uwe chini. Wanafunzi wengi wanaona haya kuandika jambo kama hili wakidhani watakatwa alama. Liandike. Sura ya tatu ieleze wazi dodoso zilijaziwa wapi na nani alikuwepo, na sura ya nne itumie maelezo hayo kusoma majibu.

Tena una bahati. Usaili wako sita uliufanya majumbani, barazani, katibu hayupo. Pia umesema dodoso "nyingi" zilijaziwa ofisini, maana yake zipo zilizojaziwa kwingine. Linganisha. Waliojibu ofisini walikiri kwa kiwango gani, na waliojibu kwingine? Idadi ya pili ikiwa ndogo, usifanye jaribio lolote la takwimu, eleza tu ulichokiona. Na kwenye usaili, tafuta jambo ambalo halikutokea kabisa kwenye dodoso: deni la dukani linalolipwa kwa korosho, labda, au makato ambayo mtu hakuelezwa vizuri. Hilo likitokea barazani na likakosekana ofisini, ni tokeo la utafiti, na hakuna kijana wa steshenari anayeweza kukuandikia.

Kwa sababu hiyohiyo ya marufuku, linda watu wako. Kama dodoso zina majina na namba za simu, majina yasiingie kwenye Excel kabisa, na karatasi zifungie mahali. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya majina ya wakulima waliokiri kuuza kwa kangomba si kitu cha kuambatanisha kwenye viambatisho. Vijiji viite Kijiji A na Kijiji B. Na usiandike "mwenyekiti wa AMCOS wa Kijiji A, mwanamke wa miaka 52", maana hapo jina umelitaja, mtu wa Tandahimba akisoma anamjua mara moja. Andika "kiongozi mmoja wa chama".

Uandishi usianzie sura ya kwanza. Anza na ya nne, iliyopangwa kwa malengo yako mawili, kila lengo na sehemu yake. Ndani ya kila sehemu sema kwanza ulichokiona kwa sentensi moja, lete jedwali au maneno ya msailiwa, lieleze, kisha sema kinapatana au kinapingana na kazi ipi iliyotangulia. Jedwali lisilofuatwa na maelezo liondoe. Halafu rudi sura ya tatu ubadilishe kila "nitatumia" kuwa "nilitumia", kwa sababu ile ya pendekezo uliinakili kama ilivyo, sivyo? Kisha sura ya pili. Huko kata bila huruma: fasili za ushirika kutoka kwenye intaneti, historia ya ushirika Ulaya, nadharia tatu ambazo hazijatajwa tena kokote. Iache nadharia moja unayoitumia, na tafuta kazi zilizofanywa huku. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko nje kidogo ya mji, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Bodi ya Korosho nayo makao yake yako hapa Mtwara. Nenda na barua ya chuo, uliza ripoti zao na takwimu za minada ya msimu uliohoji, uone bei ya mnada ukilinganisha na bei ya kangomba waliyokutajia wakulima. Mwanafunzi wa chuo cha mbali angelipa nauli ya basi la usiku kupata kitu hicho. Sura ya kwanza na ikisiri ziandike mwishoni.

Sura ya tano ni fupi, lakini nina ombi moja. Usiandike "serikali itoe elimu kwa wakulima". Kila tasnifu ya korosho, ufuta na mbaazi niliyowahi kuisahihisha ina mstari huo. Kama jedwali lako linaonyesha mkulima aliuza kwa kangomba kwa sababu mtoto alikuwa hospitali na mnada ulikuwa bado wiki tatu, huyo amekosa fedha, elimu anayo. Pendekezo lifuate ushahidi: malipo ya awali, au mfuko wa dharura wa chama, au ratiba ya minada kutangazwa mapema. Hata mawili tu yanatosha.

Kuhusu kijana wa steshenari, sikusemi vibaya, najua hofu inavyomfikisha mtu. Ila fikiria siku ya kutetea. Utaulizwa: hawa 60 uliwapataje? Kwa nini dodoso namba 23 ina kilo nyingi kuliko wote? Yeye hajafika Tandahimba, na wewe hutakuwa umeisoma sura yako mwenyewe. Vyuo vina programu za kukagua wizi wa kitaaluma, na kazi za watu hao kwa kawaida ni tasnifu ya mtu wa mwaka juzi iliyobadilishwa jina la wilaya. Mlipe kwa kuchapa, kupanga kurasa na kujalidi, hizo ni kazi zake halali. Vilevile na programu za akili mnemba: kama chuo kinaruhusu, zinaweza kukusaidia kunyoosha sentensi, lakini zinabuni marejeo yasiyokuwepo duniani, mwandishi na mwaka vikiwa vimekaa sawasawa. Kitu ambacho hujakifungua kwa macho yako usikiweke kwenye orodha.

Wiki zenyewe zigawe hivi: mbili za mwanzo ziwe za Excel na sura ya nne, ya tatu kwa sura ya tatu na ya pili, ya nne kwa sura zilizobaki. Mbili za mwisho ni za msimamizi kusoma, wewe kurekebisha, na foleni ya kujalidi, ambayo kila mwaka inawashangaza watu kana kwamba ni mpya. Kila jioni jitumie kazi kwa barua pepe yako mwenyewe, flashi na umeme wa kukatika havina undugu.

Msimamizi usimpelekee tena sura nzima ukae mwezi ukisubiri. Kesho mpelekee ukurasa mmoja, na jedwali moja tu lililokutanisha majibu mawili. Unaweza kuandika hivi, kisha ubadilishe yanayohitaji kubadilishwa:

"Shikamoo Mwalimu. Nimeyasoma maoni yako kwenye sura ya nne. Nimeona kwamba data niliyonayo haiwezi kupima athari za mfumo kwa sababu sina kundi la kulinganisha. Inaweza kujibu kwa nini baadhi ya wanachama huuza nje ya mfumo. Naomba ridhaa yako nipunguze kichwa na malengo kama ilivyo hapa chini, bila kukusanya data mpya, na unielekeze utaratibu wa idara wa kusajili badiliko hilo. Dodoso nyingi zilijaziwa ofisini kwa AMCOS, nitalieleza hilo sura ya tatu na kulizingatia katika kusoma majibu. Nimeambatanisha jedwali moja la mfano wa uchambuzi. Ukiridhia, sura ya nne mpya nitakukabidhi baada ya wiki mbili."

Tarehe ya hizo wiki mbili itaje kabisa, na nakala ya ridhaa yake, hata ikiwa ni ujumbe wa simu, itunze mpaka siku ya kutetea.